Shajara ya bustani ya uwani: kipupwe kinaingia Makunduchi

Mei 29

Masika yamemaliza kazi yake. Wiki hii mvua imebaki manyunyu ya alfajiri, ikifika saa nne udongo umeshakauka juu, na upepo wa kusi umekaza. Usiku kucha unapiga makuti ya jiko. Leo nimeanza rasmi kazi za kipupwe katika bustani yetu ya uwani, na nitaziandika hapa kadiri zinavyofanyika mpaka mboga zifike chunguni.

Kwanza hali ya mahali, hapa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Uwa wetu uko upande wa kusini wa nyumba, mita 10 kutoka nyumba kwenda kusini na mita 7 kwa upana. Una matuta manne, kila moja mita 3 kwa 1, mwembe mkongwe pembeni, mndimu, mipapai, na migomba penye maji ya bafu. Udongo ni wa maweni: jembe likishuka kiganja kimoja linagonga jiwe la matumbawe. Wenzetu wa upande wa magharibi, kule Kizimbani na Dole, wamejaaliwa kinongo, udongo mwekundu wenye kina ambao mkarafuu unazamisha mizizi yake bila taabu. Sisi wa kusini tunalima katika vifuko vya udongo kati ya mawe, na kila kifuko kina tabia yake.

Katika nchi za barafu, baridi inapoanza watu hufunika mimea isife, huhifadhi mizizi na kufunga bustani mpaka jua lirudi. Huku kwetu baridi ndiyo neema. Tungule, yaani nyanya, hushika matunda vizuri usiku ukiwa wa ubaridi. Joto la usiku likizidi nyuzi 24 maua mengi hupukutika. Januari na Februari usiku wa Unguja hauteremki huko, ndiyo maana tungule za kiangazi huwa na majani mengi na matunda haba. Julai na Agosti usiku hushuka mpaka karibu nyuzi 21 au 22, na kabeji, karoti, pilipili boga na spinachi hupumua pamoja na tungule. Kinachotutesa msimu huu ni upepo. Unafyonza maji ya masika kutoka ardhini, unapasua majani, na kwetu tulio karibu na pwani unakuja na chumvi. Kwa hiyo nimepanga ngao kwanza, kufunika udongo pili, kupanda baadaye. Najua majirani wengi wanaanza na kupanda kwa sababu miche tayari ni mirefu. Miche itasubiri siku chache, unyevu wa ardhini hausubiri.

Juni 1

Kazi ya leo: ua wa makuti wa kuzuia upepo upande wa kusini. Wa mwaka jana ulikuwa umeoza miguu, tumeung'oa wote. Kaka yangu alikuja na nguzo za mvinje, tukazisimika kwenye nyufa za jiwe na kuzikaza kwa vipande vya mawe, maana kuchimba shimo hapa ni kazi ya mtaimbo. Makuti ni ya kumba, yaliyosukwa na mama zetu jirani. Urefu wa ua mita moja na nusu.

Hapa nimegombana kidogo na kaka. Yeye alitaka makuti yabanane kama ua wa kusitiri, mtu asione ndani. Nikamwomba aache nafasi baina ya kuti na kuti, kiasi kwamba karibu nusu ya upepo upite. Ua uliozibwa kabisa unaurusha upepo juu, kisha unaanguka kwa nyuma ukizunguka na kuipiga mimea vibaya zaidi. Ua unaopitisha unaupunguza mwendo, na utulivu wake unafika mbali, hadi kama mara kumi ya urefu wa ua wenyewe. Kwa ua wa mita moja na nusu ni mita 15, na uwa wetu ni mita 10. Kwa sitara tutaziba kwa kanga upande wa bafu, basi.

Tena kuna jambo linalonifurahisha kila mwaka nikilifikiria. Mwezi huu jua limehamia kaskazini. Makunduchi tuko zaidi ya nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo adhuhuri ya Juni kivuli cha kitu chochote kinaangukia kusini. Upepo nao unatoka kusini. Maana yake ua uliojengwa kuzuia upepo unatupa kivuli chake nje ya bustani, hautunyimi jua hata kidogo. Ingekuwa kaskazi ndiyo tunayoizuia, mwezi wa Disemba, hali ingekuwa vivyo hivyo kwa upande wa pili: jua liko kusini, upepo unatoka kaskazini. Wazee waliojenga nyua zao pande hizo walikuwa wameshaliona.

Nyuma ya makuti nimechomeka vijiti vya mti wa glirisidia, kila kimoja urefu wa kama mita moja, kwenye vifuko vyenye udongo wa kutosha. Ardhi bado ina unyevu, vitaota. Makuti yataoza tena baada ya muda, glirisidia itabaki, na majani yake yenye naitrojeni tutayakata kila mara kulisha matuta.

Juni 4

Matuta yamegeuzwa. Wakati wa masika tulikuwa tumeyainua ili maji yasituame kwenye mizizi. Sasa ni kinyume: nimeyashusha mpaka yako chini ya njia kwa vidole vinne, yakawa kama mabirika mafupi. Maji yakimwagwa yanabaki ndani, na miche midogo inajificha kidogo na upepo. Kila tuta limepata debe mbili za samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, ile isiyonuka tena na ambayo ukiishika inamumunyuka.

Majivu ya jikoni hayakutiwa. Naliandika hili kwa sababu nimeulizwa na zaidi ya mtu mmoja. Kwenye udongo mwekundu wenye uchachu majivu ni dawa. Udongo wetu umezaliwa na matumbawe, chokaa imejaa, na majivu yanaongeza kile kile kilichozidi. Matokeo yake mmea unashindwa kuvuta madini ya chuma ingawa yamo ardhini: majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ukiona hivyo kwenye mndimu au kwenye kunde, tia mboji na samadi, acha majivu yaoshee masufuria.

Matandazo ndiyo yaliyokula siku nzima. Makumbi ya nazi yaliyolowekwa chini, majani ya migomba yaliyokauka juu, unene wa kama sentimita 7, na nafasi imeachwa mahali pa miche. Shoga yangu jirani ni mkulima wa mwani, akaniletea pakacha za majani ya bahari yanayotupwa ufukweni na mawimbi ya kusi. Ni mali, lakini si ya kutia hivi hivi. Nimeyatandaza juu ya mawe nje ya ua ili mvua za mchoo, zile ndogo za kipupwe, ziyasuuze chumvi. Mvua zikichelewa tutayasuuza kwa maji ya bomba siku yakitoka kwa wingi. Mpaka hapo hayagusi tuta.

Tuta la kwanza nimelipanda mchicha moja kwa moja, mbegu zikachanganywa na mchanga ili zisirundikane, kisha zikafunikwa kwa udongo mwembamba sana. Hapo matandazo yatafuata baadaye, kati ya mistari.

Juni 8

Tungule zimehamishwa. Miche ilimwagwa kitaluni mwanzoni mwa Mei chini ya kivuli cha makuti, sasa ina majani matano na shina nene kama penseli. Mbegu ni Cal J, aina fupi isiyohitaji mti mrefu wa kuegemea, na kwa mahali penye upepo naipendelea kuliko zile ndefu. Nafasi sentimita 60 baina ya mistari na 50 baina ya mche na mche.

Tulipandikiza baada ya alasiri, jua limeshalegea. Kila mche umezamishwa mpaka karibu na jani la kwanza, kwa sababu shina la tungule likifukiwa linatoa mizizi zaidi, na penye upepo mizizi ndiyo kila kitu. Pembeni ya kila mche tumefukia chupa ya maji iliyotobolewa matundu madogo, mdomo juu. Maji yanaingia chini taratibu, hayapotei kwenye upepo.

Pilipili boga na biringani zimekwenda tuta la tatu. La nne ni la spinachi na mistari miwili ya karoti.

Juni 9

Miche imelala asubuhi, imeamka jioni. Nimeikinga kwa vikuti vidogo upande wa kusini.

Juni 15

Leo nimekaa na karatasi kuhusu maji, maana hapa ndipo bustani nyingi za kusini hufia mwezi wa Julai.

Tangi letu la lita 2,000 lilijazwa na paa wakati wa masika. Matuta ni mita za mraba 12. Kwa upepo huu, mita moja ya mboga inataka kama lita 4 kwa siku, hivyo ni lita 48. Tangi peke yake lingekwisha kwa siku 41, yaani kabla ya mwezi wa Julai kumalizika, na vuli haianzi mpaka Oktoba. Mvua za mchoo husaidia: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1, kwa hiyo bati letu la mita 40 likipata milimita 10 linaleta karibu lita 400, ukiondoa zinazomwagika. Lakini mchoo hauna ahadi.

Kipo kisima. Maji yake yana chumvichumvi, kama visima vingi vya pwani hii, kwa kuwa maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya mawe, na tukichota sana yale ya chini yanapanda. Hivyo nimeigawa bustani kwa ulimi wa mmea. Spinachi inavumilia chumvi, mchicha nao haulalamiki sana, minazi ndiyo kabisa. Hizo zinakunywa kisimani. Karoti, vitunguu na maharage hazitaki chumvi hata kidogo. Hizo ni za tangi pekee, pamoja na kitalu. Tungule na pilipili boga ziko katikati: zinapata maji ya tangi wakati huu wa kukaza mizizi, baadaye tutachanganya.

Utaratibu pia umebadilika. Hatumwagilii kidogo kidogo kila siku. Maji kidogo yenye chumvi yanakauka juu na kuiacha chumvi pale pale mizizi midogo ilipo. Tunamwagilia kwa wingi, mara tatu kwa wiki, mpaka maji yashuke na chumvi yake, na siku moja kati ya hizo tunatumia maji matamu ya kusuuza. Saa ni baada ya alfajiri, upepo haujaamka. Majani hayalowani, kopo linaelekezwa shinani.

Bibi alinisikiliza nikimweleza mahesabu haya, akasema, "Mjukuu wangu, inua hayo makumbi utie mkono." Nikatia. Chini ya matandazo udongo ulikuwa baridi na unashikana, siku mbili bila maji. Njiani, hatua moja pembeni, vumbi. Kwa hiyo lita 48 ni hesabu ya udongo ulio wazi; wetu umefunikwa na utataka pungufu.

Juni 21

Siku fupi kuliko zote kwetu, ingawa tofauti yake na siku ndefu ni chini ya saa moja. Saa sita na nusu nimepima kivuli cha ukuta wa nyumba: ukuta ni mita 3, kivuli kinafika karibu mita 1.7 ndani ya uwa. Ukanda huo hauzai tungule, lakini haupotei. Nimeuhamishia kitalu, makopo ya nanaa, na mistari ya kotmiri, ambayo joto likizidi hukimbilia kutoa maua kabla hujachuma majani ya kutosha. Disemba ukanda huu utakuwa juani tena.

Juni 27

Usiku wa kuamkia jana kusi ilivuma kwa nguvu kubwa. Ua umesimama. Kuti mbili zimelegea, zimefungwa upya. Kona ya kusini mashariki, maharage machache niliyochomeka huko yameungua kingo za majani, zimekuwa za kahawia na kukunjamana. Ni chumvi ya hewani. Tumeyasuuza majani kwa maji matamu asubuhi ile ile, na ndiyo mara pekee ninayokubali kulowesha majani msimu huu. Maharage hayatapandwa tena kona hiyo. Mchaichai utachukua nafasi yake.

Wadudu wameanza. Utitiri mwekundu upo chini ya majani ya biringani, ukavu na upepo ndivyo vinavyoupendeza. Vidukari viko kwenye ncha za pilipili boga, wamesindikizwa na sisimizi kama kawaida yao. Kwenye tungule natafuta kila siku michoro ya kantangaze, yule nondo mdogo aliyeingia Tanzania 2014, ambaye mtoto wake anatafuna jani kwa ndani akiacha kama lengelenge jeupe. Majani mawili yalikuwa na dalili, yametolewa na kuchomwa. Hayatupwi kwenye mboji.

Dawa tuliyotumia ni mbegu za muarobaini: gramu 50 za mbegu zilizotwangwa kwa kila lita ya maji, zikalala usiku, zikachujwa kwa kitambaa, tone la sabuni likatiwa ili ishike. Tumenyunyiza wakati wa magharibi, chini ya majani ndiko kwenye kazi. Jua huivunja nguvu dawa hii, kwa hiyo ya asubuhi ni hasara. Itarudiwa baada ya wiki.

Julai 3

Mchicha wa kwanza! Nimeukata juu ya jicho la tatu badala ya kung'oa, ili uchipue tena. Umepikwa kwa nazi, umetosha nyumba nzima na sahani moja ya jirani wa mwani.

Julai 6

Leo zamu ya miti. Mwembe umeanza kuvimba ncha, maua yako njiani. Nimekata matawi makavu na yaliyobanana katikati ili hewa ipite, kwa kuwa umande wa usiku huu wa baridi huleta ubwiri unga na chule juu ya maua, na embe za Disemba hupotea sasa hivi watu wakiwa hawatazami. Mwembe haupewi maji. Huu ukavu na ubaridi ndio unaouambia mti uache majani uingie kwenye maua. Ukiumwagilia unakupa majani mapya.

Kijana wa nyumbani alitaka tupande mche wa mchungwa alioletewa na rafiki yake, kwa kuwa huu ni msimu wa machungwa na hamu imempanda. Nimemwomba tusubiri. Mti mpya kwenye maweni, na miezi mitatu ya kusi mbele yake, utakunywa tangi zima. Ila shimo tumelichimba leo, kwa mtaimbo na jasho, tukatia majani ya glirisidia, samadi na majani ya bahari yaliyokwisha kusuuzwa na mvua ya juzi. Mpaka vuli kila kitu humo kitakuwa kimeoza. Mche umewekwa kivulini kwenye polo la udongo, na yeye ndiye mwenye jukumu la kuunywesha.

Julai 13

Mji umeanza kuzungumzia Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya wa Kiswahili. Vijana wamepita kuulizia mashina ya migomba ya kupigania siku hiyo, na yetu yapo kwa sababu mgomba ukishazaa haurudii. Shina lazima likatwe chipukizi lipate nafasi. Nimewaruhusu wakate yaliyozaa tu, na kila shada liachiwe chipukizi moja kubwa na moja dogo. Vipande watakavyoviacha nitavikusanya: shina la mgomba ni maji matupu, likipasuliwa na kulazwa kati ya mistari linaulowesha udongo kwa siku nyingi.

Bibi anahesabu msimu kwa miongo, siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, kama walivyohesabu wakulima wa hapa tangu zamani. Nimekaa naye na kalenda ya ukutani. Siku ya mia, kwa hesabu yake, inaangukia mwishoni mwa Oktoba, na hapo ndipo anapotaka mtama na kunde ziwe tayari kuingia ardhini. Nimeandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari: mche wa mchungwa siku ya mia, mvua ikiwa imeshalowesha shimo.

Kwa karamu ya Mwaka bustani itatoa mchicha wa mkato wa pili, spinachi, kotmiri na ndimu. Tungule bado, hizo ni za mwisho wa Agosti, na shangazi ameshaambiwa asizitegemee.

Julai 19

Maua ya tungule yameshika. Nimekagua mche mmoja mmoja, na karibu kila kishada kina vitunda viwili vitatu vya ukubwa wa pojo. Januari mimea ya aina hii hii iliangusha maua yake yote chini. Nimeipa kila mche konzi mbili za samadi ya mbuzi iliyooza, chini ya matandazo, na maji ya tangi juu yake.

Tangi limeshuka chini kidogo ya nusu. Mchoo umeleta mvua za maana mara chache, na bila hizo tungekuwa robo. Kuanzia kesho pilipili boga na biringani zinahamia maji ya mchanganyiko, ndoo moja ya tangi kwa moja ya kisima. Tungule zitabaki na maji matamu mpaka matunda yafike ukubwa wa ndimu, kwa kuwa maji yakiruka ruka kipindi hiki, leo mengi kesho hakuna, tunda huoza kitako.

Karoti zimepunguzwa, zimeachwa vidole vitatu kati ya mche na mche. Mistari ya mchicha iliyochoka imeng'olewa na kupandwa upya. Wiki ijayo: muarobaini mara nyingine, kukata glirisidia ya upande wa mlango, na kuongeza makumbi kwenye tuta la pili, ambako unene umeshuka mpaka udongo unaonekana.